Jinsi ya Kusoma Orodha ya Machapisho ya Mtafiti wa Neurolojia na Neuroimunolojia: Mwongozo Kamili

Chukua watafiti wawili wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Mmoja ana makala 240, mwenzake ana 35. Ukiulizwa ni yupi aliyechangia zaidi kuufahamu ugonjwa fulani, namba hizo hazikusaidii kitu. Huenda jina la yule wa 240 limepita tu katika majaribio makubwa ya dawa yenye waandishi ishirini ishirini, na huyu wa 35 ndiye aliyegundua kingamwili ambayo leo maabara zinaipima kila siku. Huenda pia ikawa kinyume chake. Jibu limo ndani ya orodha yenyewe, ila lazima uifungue na kuipanga upya kwa mkono wako.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuisoma orodha ya namna hiyo kwa makini: mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa uzamivu, mjumbe wa kamati ya ajira au ya ufadhili, mwandishi wa habari za sayansi, au mgonjwa aliyepewa jina la bingwa na anataka kujua amebobea katika nini hasa. Neuroimunolojia, tawi linalochunguza uhusiano wa kinga ya mwili na ubongo, uti wa mgongo na neva, lina tabia zake, na vipimo vya jumla vya watafiti hupwaya vikifika huku.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kujua

Sentensi moja inatosha, lakini iandike kabla hujafungua tovuti yoyote. Mwanafunzi atauliza: je, wanafunzi wa mtu huyu huchapisha wakiwa waandishi wa kwanza? Mgonjwa atauliza: je, huyu anashughulika na ugonjwa wangu, au na jirani yake? Mjumbe wa kamati atauliza wazo ni la nani. Orodha ile ile hutoa majibu tofauti kabisa kwa maswali hayo matatu.

Hatua ya 2: Hakikisha ni mtu yule yule

Hapa ndipo wengi huharibu kazi wasijue. Anza na ORCID, kitambulisho cha tarakimu 16 kilichoanza kutolewa mwaka 2012 ili kuwatenganisha watafiti wenye majina yanayofanana. Ukikipata, una mlango mzuri wa kuingilia. Usisahau tu kwamba anayeujaza ukurasa huo ni mtafiti mwenyewe au wale aliowaruhusu, kwa hiyo wapo wenye kurasa zilizojaa vizuri na wapo mabingwa wakubwa wenye kurasa tupu. Ukurasa mtupu si dalili ya lolote.

Kisha nenda PubMed, hifadhidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Andika jina la ukoo, acha nafasi, weka herufi za mwanzo za majina mengine, halafu ongeza alama [au]. Jaribu kwa mfano Kim HJ[au]. Utaletewa maelfu kwa maelfu ya makala, za meno, za mimea, za upasuaji wa moyo, kwa sababu watu wanaoandikwa hivyo ni wengi mno. Mmoja wao ni bingwa anayejulikana wa neuromielaitisi optika, ugonjwa unaoshambulia neva za macho na uti wa mgongo, lakini hutampata bila kuchuja. Ongeza neno AND na jina la ugonjwa kwa Kiingereza, au AND na jina la taasisi, na orodha itashuka hadi kiasi cha kusomeka.

Kuna mitego miwili ya PubMed ambayo haisemwi sana. Majina kamili ya waandishi yalianza kuwekwa kwenye rekodi mwaka 2002, kwa hiyo kwa makala za kabla ya hapo utategemea herufi za mwanzo tu. Pia kabla ya 2014 rekodi ilibeba anwani ya mwandishi wa kwanza peke yake. Ukimchuja mtu kwa jina la chuo chake, makala zake nyingi za zamani alizokuwa mwandishi wa kati zitapotea kimyakimya, nawe utadhani alianza kazi juzi.

Angalia pia majina yaliyobadilika kwa ndoa, majina mawili ya ukoo ya Kihispania ambayo majarida mengine huandika moja tu, na majina ya Kijerumani yenye nukta mbili juu ya irabu. Njia ya kuthibitisha isiyochosha ni kuwatazama waandishi wenza. Mtu hubadilisha chuo, hubadilisha hata nchi, lakini kundi lake la kazi humfuata kwa miaka. Makala isiyo na hata jina moja unalolitambua iwekee alama ya kuuliza.

Google Scholar itumie mwisho, kwa kujaza mapengo. Huokota kila kitu, pamoja na vitu visivyo vya mtafiti unayemtafuta.

Hatua ya 3: Jitengenezee lahajedwali

PubMed hukuruhusu kuhifadhi matokeo katika faili la CSV linalofunguka kwenye programu yoyote ya lahajedwali. Utapata kichwa cha makala, waandishi, jarida, mwaka na namba ya DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala). Ongeza safu tano zako mwenyewe: aina ya makala, nafasi ya mtafiti kati ya waandishi, ugonjwa, idadi ya wagonjwa au sampuli, na aliyelipia. Usizijaze zote kwa mpigo. Hatua zinazofuata zitazijaza moja moja.

Hatua ya 4: Tenga aina za makala

Makala asilia huleta data mpya. Mapitio hukusanya ya wengine. Ripoti ya kisa hueleza mgonjwa mmoja au wachache. Kuna barua kwa mhariri, tahariri, miongozo ya tiba, na ikisiri (muhtasari mfupi wa kazi) za mikutano.

Ikisiri ndizo huvimbisha orodha kuliko kitu kingine chochote. Za mkutano wa ECTRIMS, ambao ndio mkubwa wa multipo sklerosisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo), hutoka katika toleo la nyongeza la Multiple Sclerosis Journal, na za Chuo cha Neurolojia cha Marekani hutoka katika nyongeza ya jarida la Neurology. Kwa asiyejua, mistari hiyo inafanana kabisa na makala zilizochapishwa katika majarida hayo. Tazama namba ya kurasa: ikiwa ni ukurasa mmoja wenye herufi kama S au P mbele yake, huenda ni ikisiri. Kazi moja inaweza kuonekana mara nne, kama ikisiri mbili, rasimu iliyowekwa medRxiv (tovuti iliyoanza 2019) na makala kamili. Ihesabu mara moja.

Lakini usizidharau ripoti za visa. Katika matawi mengine ya tiba huonekana kama kazi ya wanaoanza. Neuroimunolojia kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya wagonjwa wachache walioangaliwa vizuri. Makala ya Josep Dalmau na wenzake ya 2007 katika Annals of Neurology, iliyoeleza ensefalaitisi (ugonjwa wa kuvimba ubongo) inayosababishwa na kingamwili dhidi ya kipokezi cha NMDA kilichoko kwenye seli za ubongo, ilikuwa na wanawake 12 tu. Mwaka uliofuata kundi hilo likaleta wagonjwa 100 katika Lancet Neurology, na 2013 wakafika 577, safari hii jina la Dalmau likiwa la mwisho. Mtu aliyeisoma orodha hiyo mwishoni mwa 2007 akaishia kwenye ile 12 angepitwa na jambo kubwa. Kwa hiyo ukikuta ripoti ndogo, uliza swali moja: je, kuna kubwa iliyoifuata?

Hatua ya 5: Soma nafasi ya jina

Katika sayansi za tiba mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi nyingi za mikono, na wa mwisho ndiye mwenye maabara au kundi, aliyeongoza na mara nyingi kutafuta fedha. Wa katikati wanaweza kuwa wametoa wagonjwa, sampuli, takwimu au ushauri. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina vigezo vinne vya kuitwa mwandishi: kuchangia kwa kiasi kikubwa, kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Vyote vinne vinatakiwa kwa pamoja. Vinatekelezwa kwa uaminifu namna gani, hilo ni suala jingine.

Kwa PubMed alama [1au] huleta makala alizokuwa wa kwanza, na [lastau] zile alizokuwa wa mwisho. Jaza safu ya nafasi kwa kutumia hizo mbili, zinazobaki ziwe "kati". Usiache kufungua makala zenye nyota au msalaba juu ya majina, kwa kuwa siku hizi waandishi wawili au watatu hugawana nafasi ya kwanza na jambo hilo halionekani kwenye orodha.

Tuone mfano. Mwaka 2004 Lancet ilichapisha makala kuhusu kingamwili iliyopatikana kwa wagonjwa wa neuromielaitisi optika, ugonjwa ambao wengi waliuhesabu kuwa aina ya multipo sklerosisi. Jina la kwanza ni Vanda Lennon, la pili Dean Wingerchuk, la nne Sean Pittock, la mwisho Brian Weinshenker. Mwaka 2005, katika Journal of Experimental Medicine, ikaonyeshwa kwamba kingamwili hiyo hulenga akwaporini-4, protini inayopitisha maji kwenye seli. Lennon ni wa kwanza tena, Pittock wa tatu. Mwaka 2015 vikatoka vigezo vya kimataifa vya kuutambua ugonjwa: Wingerchuk wa kwanza, Weinshenker wa mwisho. Mwaka 2019 likaja jaribio la dawa ya eculizumab katika New England Journal of Medicine, wagonjwa 143, Pittock wa kwanza na Wingerchuk wa mwisho.

Weka makala hizo nne kwenye mstari mmoja na utaona miaka 15 ya swali moja: kingamwili, shabaha yake, vigezo vya utambuzi, kisha dawa. Unaona pia kila mmoja alishika wapi. Jina la Lennon linaongoza kwenye kazi za maabara, Wingerchuk na Weinshenker wanashika mambo ya kliniki na vigezo, na Pittock anapanda kutoka nafasi ya nne hadi ya kwanza. Hakuna kipimo cha namba kitakachokuonyesha hivyo.

Jambo jingine la kuangalia ni washirika wa kundi. Majaribio makubwa na sajili za wagonjwa kama MSBase, ya multipo sklerosisi, huwa na orodha ndefu ya madaktari walioandikisha wagonjwa, na PubMed huwaweka chini kama washirika, wala si waandishi. Mtu anaweza kuwa ameandikisha wagonjwa wengi asionekane unapotafuta kwa [au]. Na mwingine huziorodhesha kazi hizo kwenye wasifu wake kana kwamba aliziandika.

Hatua ya 6: Nukuu na vipimo vyake

Kipimo cha h kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 40, una makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 40. Kipimo hiki hakishuki kamwe, humpendelea aliyeanza zamani, na hakijali ulikuwa mwandishi wa kwanza au wa kumi na nane. Kwa neurolojia kuna upotoshaji zaidi: makala za miongozo na vigezo vya utambuzi hunukuliwa na kila anayeandika kuhusu ugonjwa huo, maana lazima aseme wagonjwa wake walitambuliwaje. Kukaa kwenye jopo moja la vigezo kunaweza kumpa mtu nukuu nyingi kuliko miaka kumi ya maabara.

Ukitaka namba yenye haki kidogo, tumia iCite, chombo cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH). Hulinganisha nukuu za makala na za nyingine katika uwanja ule ule, na alama ya 1 ni kiwango cha kati cha makala zilizofadhiliwa na NIH. Ni ya bure.

Hata hivyo nukuu haisemi kama anayenukuu anakubaliana na anayenukuliwa. Mwaka 2009 Paolo Zamboni na wenzake wa Italia walichapisha makala wakidai kwamba kusinyaa kwa mishipa inayotoa damu kwenye ubongo kunahusiana na multipo sklerosisi. Wagonjwa wengi duniani walikimbilia kupanuliwa mishipa. Makala hiyo imenukuliwa sana, na sehemu kubwa ya nukuu hizo ni za waliojaribu kuithibitisha wakashindwa. Jaribio lenye kundi la kulinganisha, Brave Dreams, lilikuja kuonyesha katika JAMA Neurology kwamba upanuzi huo hausaidii. Aliyeliongoza ni Zamboni mwenyewe. Kwangu mimi, hilo jaribio la pili linastahili heshima katika orodha yake kuliko lile dai la kwanza, ingawa kwa idadi ya nukuu lile la kwanza limeliacha mbali.

Hatua ya 7: Fungua makala tatu na uzisome

Chagua moja ambayo mtafiti ni wa kwanza, moja ambayo ni wa mwisho, na moja ya miaka miwili iliyopita. Ruka utangulizi, nenda kwenye mbinu.

Ikiwa ni kazi ya kingamwili, angalia zilipimwaje. Hili si jambo dogo. Mwaka 2003 New England Journal of Medicine ilichapisha kazi iliyodai kwamba kingamwili dhidi ya mielini (utando unaofunika nyuzi za neva), ikiwemo protini yake ya MOG, hutabiri nani ataugua multipo sklerosisi baada ya shambulio la kwanza. Mwaka 2007 jarida hilo hilo likachapisha kazi kubwa zaidi iliyokosa uhusiano huo. Baadaye, zilipoanza kutumika seli hai zinazobeba MOG katika umbo lake la asili, ikaonekana kwamba kingamwili hiyo ni alama ya ugonjwa mwingine kabisa, ambao vigezo vyake vilichapishwa 2023. Mtafiti wa MOG aliyeendelea kutumia kipimo cha zamani wakati wenzake wameshahama anakuambia kitu kuhusu kazi yake.

Ikiwa ni kazi ya wagonjwa, tafuta haya: walitambuliwa kwa vigezo vya mwaka gani, kulikuwa na kundi la kulinganisha, na aliyepima ulemavu alijua nani kapewa dawa? Vigezo vya McDonald vya multipo sklerosisi vilitoka 2001, vikarekebishwa 2005, 2010, 2017 na 2024 (haya ya mwisho yalichapishwa 2025). Kila marekebisho yamewezesha ugonjwa kutambuliwa mapema zaidi, hivyo wagonjwa wa leo huonekana kuwa na hali nafuu kuliko wa zamani hata dawa ikiwa ile ile. Makala inayolinganisha makundi mawili ya nyakati tofauti bila kuligusa suala hilo ina tundu.

Kama ni jaribio la kitabibu, chukua namba yake ya usajili inayoanza na NCT, uitafute kwenye ClinicalTrials.gov, na ulinganishe lengo kuu lililosajiliwa na lile lililoripotiwa. Dakika kumi tu. Lengo kuu lililobadilika katikati ya safari bila maelezo ni jambo la kuandika kwenye lahajedwali kwa rangi nyekundu.

Hatua ya 8: Fedha na masahihisho

Soma tamko la maslahi mwishoni mwa kila makala uliyofungua. Jaribio la eculizumab nililotaja lilifadhiliwa na mtengenezaji, Alexion, na baadhi ya waandishi walikuwa waajiriwa wake. Hilo ni la kawaida kwa majaribio ya dawa na halifuti matokeo. La kuangalia ni mapitio na tahariri: mtu anayelipwa na kampuni moja na kuandika mapitio yanayosifu dawa ya kampuni hiyo mwaka baada ya mwaka anastahili kusomwa kwa tahadhari.

Kisha angalia kama kuna makala iliyofutwa au kuwekewa tahadhari ya wahariri. PubMed huweka ilani juu ya rekodi, na hifadhidata ya Retraction Watch, inayokusanya makala zilizofutwa, imekuwa wazi kwa wote tangu shirika la Crossref liichukue mwaka 2023. Ufutaji huchelewa: makala ya 2006 katika Nature kuhusu aina moja ya protini ya amiloidi katika ugonjwa wa Alzheimer ilifutwa 2024, ikiwa imeshanukuliwa zaidi ya mara elfu mbili. Tofautisha lakini. Masahihisho ya jedwali yaliyoombwa na waandishi wenyewe ni ishara ya uangalifu. Picha za maabara zilizochezewa ni habari nyingine.

Hatua ya 9: Tazama miaka

Panga lahajedwali kwa mwaka uone kasi na mapengo. Pengo la miaka miwili mitatu lina maelezo mengi: uzazi, ugonjwa, kuhama, kazi nyingi za wodi. Au mtu anasubiri data. Alberto Ascherio alikuwa mwandishi wa kwanza wa makala ya 2001 katika JAMA iliyohusisha virusi vya Epstein-Barr na multipo sklerosisi. Mwaka 2022 kundi lake lilichapisha katika Science uchunguzi wa zaidi ya askari milioni 10 wa Marekani, ambao damu yao ilikuwa imehifadhiwa kwa miaka mingi, na hatari ya kuugua ilionekana kupanda mara 32 baada ya maambukizi hayo. Kjetil Bjornevik ni wa kwanza, Ascherio wa mwisho. Kazi ya namna hiyo haiharakishwi, na anayedai makala kumi kila mwaka hawezi kuifanya.

Kwa mwanafunzi, safu hii ya miaka ina hazina moja zaidi. Toa majina ya waandishi wa kwanza katika makala ambazo mtafiti ni wa mwisho, kisha mtafute kila mmoja. Je, baada ya miaka mitano wanaendelea kuchapisha? Wana makundi yao? Au jina hutokea mara moja na kutoweka? Kutoweka kwa mmoja si kitu, watu huenda kwenye kliniki au viwandani. Wakitoweka karibu wote, waulize waliopita pale kabla hujatuma barua ya maombi.

Hatua ya 10: Andika aya moja

Ifupishe kazi yote kwa maneno, bila jumla ya makala wala h. Aya iseme mtafiti amefuatilia swali gani na tangu lini, alifanya nini kwa mikono yake na nini kama kiongozi, makala mbili au tatu zinazobeba uzito wa orodha, nani analipia, na wapi bado una shaka. Kwa mfano: "Tangu mwisho wa uzamivu anafuatilia kurudi kwa ensefalaitisi ya kingamwili baada ya tiba. Kazi zake za mwanzo ni mfululizo mdogo wa wagonjwa, za sasa ni kundi la vituo kadhaa analoliongoza. Nukuu zake nyingi zinatokana na mwongozo mmoja aliokuwa mwandishi wa kati. Vipimo vimefanywa kwa seli hai, na kundi la kulinganisha lipo katika kazi ya karibuni tu."

Chini ya aya weka tarehe uliyotafuta, maneno kamili uliyoandika kwenye PubMed, na makala zile ulizowekea alama ya kuuliza katika hatua ya 2. Kama una njia ya kumfikia mtafiti, hizo za alama ya kuuliza mwulize mwenyewe kama ni zake.